Msanii wako akirudi na albamu mpya baada ya ukimya mrefu: tupeane uzoefu

Wakuu, salaam nyingi.

Kuna albamu ya nyimbo za asili za Uingereza naisikiliza usiku huu, ndiyo imenifanya nifungue uzi huu. Ni Lodestar ya Shirley Collins. Mama huyu alitoa albamu mwaka 1978 pamoja na dada yake Dolly, halafu kimya. Ndoa yake ilivunjika na sauti ikamgomea: akisimama kuimba, koo linabana, hakitoki kitu. Akaacha jukwaa, akaenda kutafuta kazi nyingine za kuendesha maisha. Albamu iliyofuata ikaja 2016, miaka 38 baadaye, yeye akiwa na umri wa miaka 81.

Ninachompendea ni kwamba hakuigiza sauti ya ujana wake. Zamani ilikuwa juu, nyepesi, imenyooka. Sasa imeshuka, ni nzito, na kuna mahali inakwaruza. Alirekodia nyumbani kwake kwa kuwa studio ilimtia hofu, na unamsikia mtu aliyetulia anakusimulia mauaji na mapenzi yaliyoharibika bila kutia madoido kwenye neno hata moja. Hilo la kukwepa madoido alikuwa nalo tangu zamani.

Leteni zenu. Nani alipotea akarudi, na ulipomsikia ulijisikiaje? Mliowahi kupiga muziki wenyewe mkaacha, nawasubiri zaidi.

#2
Heshima kwako mkuu. Wangu ni Vashti Bunyan. Albamu yake ya 1970 haikuuza, akavunjika moyo, akaacha muziki akalea watoto. Ikatolewa upya mwaka 2000, kizazi kingine kikaipenda, na 2005 akatoa ya pili, Lookaftering. Mimi niliisikia hiyo ya pili kwanza ndipo nikarudi nyuma. Anaimba kwa kunong'ona vilevile, ila kule ni safari na farasi, huku ni mama anayewatazama watoto wake. Kinachoniuma ni kwamba miaka yote ile aliamini nyimbo zake hazikufaa.

#3
Mimi ni mpigaji. Nilikuwa na kikundi cha nyimbo za asili, gita na sauti, kisha majukumu yakanizidi. Niliporudi, nyuzi zilikuwa zimeshika kutu na ncha za vidole zimelainika kama za mtoto mchanga. Sugu zile hujengeka upya taratibu, na kabla hazijarudi kila kodi ya gita (chord) inauma. Maneno ya beti hayakunisumbua, yalikuja yenyewe mkono ulipoanza kutembea. Shida ilikuwa pumzi. Mstari niliokuwa nauimba kwa pumzi moja sasa unanikatikia katikati, ikabidi nitafute pa kuvuta hewa bila kuuvunja. Nyimbo tulizoimba kwa ufunguo wa G tukazishusha hadi E. Mwenzangu mmoja hakutaka, akisema zitapoa. Tulipoimba chini hivyo akanyamaza, akaomba turudie.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "sauti yake imekwisha" naumia sana. Nyuzi za sauti hubadilika na umri kama mwili wote. Kwa wanawake wengi baada ya kukoma hedhi huwa nene zaidi na sauti inashuka. Ni chombo kingine, kinahitaji mipango mingine.

#4
Nakubaliana, lakini si kila kurudi kunapendeza. Yupo niliyempenda tangu nikiwa shuleni, simtaji. Albamu yake ya kurudi imejazwa vinanda vya kompyuta na wageni vijana karibu kila wimbo, yeye mwenyewe unamsikia kwenye kiitikio tu. Niliisubiri kwa hamu. Nilimtaka yeye na ala yake, hata kama vidole vinatetemeka.

#5
Mama yangu aliimba na mdogo wake walipokuwa mabinti, wakaachana na uimbaji walipoolewa. Mama mdogo amefariki. Juzi mama akaniambia nimrekodi. Tulifungua kabati la nguo, nikaweka simu kati ya magauni ili nguo zimeze mwangwi, naye akaimba akiliangalia kabati, hakutaka nimwone uso. Alipofika kwenye beti za mdogo wake alinyamaza, akaacha nafasi kwa urefu uleule wa beti, kisha akaendelea na zake. Nimeiacha rekodi hivyohivyo.

Mwanzisha uzi
#5, pole sana kwa msiba, na asante. Umenieleza kitu. Dolly naye alifariki 1995, kwa hiyo Lodestar haina kinanda chake kidogo cha mabomba, nami kila nikiisikiliza nakitafuta.

Mlioniuliza faragha muanzie wapi: sikilizeni kwanza The Sweet Primeroses ya 1967, Dolly yumo na kinanda chake, kisha rukeni moja kwa moja hadi Lodestar. Mkishaizoea sauti ya sasa, zipo mbili zaidi, ya 2020 na ya 2023. #3, ukiwa na rekodi yoyote ya zile nyimbo mlizoshusha hadi E, tuwekee hapa.