Wakodisha seva, acheni kuusingizia mtandao wa Lamu

Jamani wenzangu, nimechoka. Hapa Langoni tunapiga video za harusi na kuzituma kwa SFTP (njia salama ya kutuma faili) kwenye seva tuliyokodi kwa kampuni moja, jina nalihifadhi. Harusi zikifululiza tu, seva inagoma: unakatwa hata nenosiri hujaulizwa. Ukiwapigia simu, "Mtandao wenu wa kisiwani mbovu, ngoja tuizime tuiwashe." Inawashwa, inafanya kazi, jioni imelala tena. Mama wa bibi harusi ananiuliza kama pesa yake nimeila.

Nikagombana nao mpaka wakanipa ruhusa ya kuingia nijionee. Logi, yaani daftari la matukio ya seva, imejaa EMFILE, hitilafu namba 24: faili zilizofunguliwa zimezidi. Hiyo haihusiani na mnara wa simu hata chembe! Programu yao ya kupokea faili imefungua vitu mpaka ikagonga kikomo chake, na katika Linux, mfumo unaoendesha seva hiyo, soketi (ncha ya muunganisho wa mtandao) nayo huhesabiwa kama faili. Kikomo chenyewe 1024, kile kinachokuja na mfumo. Nilipowaambia, fundi wao akaandika 65535 kwenye limits.conf, faili ya kuweka vikomo, akanijibu kwa mbwembwe kwamba kazi imekwisha. Imekwisha wapi? Huduma inayowashwa na systemd (programu ya Linux ya kuwasha huduma) haiifuati faili hiyo, inataka kikomo kiandikwe kwa jina LimitNOFILE kwenye faili ya huduma yenyewe. Angechungulia /proc, pale Linux inapoonyesha hali ya kila programu, kwenye limits ya programu ile, angeiona 1024 yake imekaa palepale.

Na hata kikipanda, ugonjwa uko kwengine. Piga ss -tan, amri ya kuorodhesha miunganisho, uone: CLOSE_WAIT, CLOSE_WAIT, mpaka macho yanauma. Maana yake upande wetu umeshaaga, keneli ya seva (kiini cha Linux) imeipokea ile kwaheri, ila programu haijafunga soketi. Mgeni kala, kaondoka, sinia lake haliondolewi, na wanaofika wanarudishwa mlangoni eti hakuna nafasi. TIME_WAIT, hali ya muunganisho uliokwisha kufungwa, Linux huifuta yenyewe baada ya sekunde 60. CLOSE_WAIT haina saa, hukaa mpaka programu iifunge au programu ife. Ndiyo siri ya kile "kuizima na kuiwasha" chao. Nikapiga na lsof, amri ya kuonyesha faili zilizofunguliwa: video zilizokwisha kupokewa zamani bado zimeshikwa, nyingine zimeshafutwa lakini diski haijarudishiwa nafasi. Halafu wananitoza kwa diski kujaa!

Mtandao wa Lamu hukatika, sikatai. Lakini muunganisho uliokatika bila kuaga huonekana ESTABLISHED (bado hai) kule kwenye seva, si CLOSE_WAIT. Kuugundua kwamba umekufa ni kazi ya keepalive, yaani seva kuuliza "bado upo?", na Linux husubiri sekunde 7200, yaani saa mbili nzima, kabla ya kuuliza mara ya kwanza, tena ikiwa programu imeiwasha. Hilo nalo ni la kurekebishwa huko huko kwao, kwa mistari miwili mitatu. Mimi nikizunguka na modemu juu ya dari hapa Langoni haitasaidia kitu.

Ushahidi wote nimewatumia. Jibu lao? Nilipie kifurushi kikubwa zaidi, chenye RAM (kumbukumbu ya seva) mara dufu. RAM!

Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa kwa jambo kama hili? Na mnaotuma faili nzito kutoka Lamu au Malindi, mmekodi wapi? Nataka kuhama kabla harusi hazijaanza tena.