Utoro shule ya kata: tuanze na chakula, hosteli au baiskeli?

MjumbeWaBodi: Wakuu, habari za jioni. Nipo bodi ya sekondari ya kata, wilaya ya pembezoni. Utoro umezidi Kidato cha Kwanza na cha Pili, na matokeo yanashuka. Michango ya wazazi inatosha jambo moja tu mwaka huu. Tuanze na lipi?

MwlHisabati: Chakula cha mchana, mkuu. Serikali ilifuta ada mpaka Kidato cha Nne mwaka 2016, lakini chakula cha shule za kutwa kimebaki kwa wazazi. Mtoto ametoka nyumbani alfajiri, katembea kilomita saba bila chai. Saa sita anaondoka, harudi. Kande inatosha kabisa. Changisheni mahindi na maharage wakati wa mavuno, kwa debe, maana ukisubiri kudai hela mwezi wa pili hupati kitu. Na asifukuzwe mtoto ambaye mzazi wake hajachanga.

Binti_wa_Kusini: Nakuheshimu mwalimu, ila mabinti wasisahaulike. Wengi wanaotoka vijiji vya mbali wamepanga geto karibu na shule. Ana miaka kumi na nne, anajipikia, hana mtu mzima wa kumwangalia, na anayemsaidia kodi ana lake. Kwao hosteli ndiyo kinga. Lakini isiyo na matroni, maji na uzio, bora msijenge.

Fundi_B: Zambia waliwapa wasichana baiskeli, utafiti ukaonyesha utoro ulipungua kwa asilimia 28. Nauunga mkono kwa tambarare. Kwenye milima na tope la masika itabidi mwe na fundi na vipuri palepale shuleni.

MwlHisabati: Kuna jambo jingine. Hawa wamesoma msingi kwa Kiswahili, Kidato cha Kwanza masomo karibu yote ni Kiingereza. Anakaa haelewi, wiki ya tatu anakata tamaa. Msiifupishe ile kozi ya Kiingereza ya mwanzoni.

Mama_Mboga: Mmefungua daftari la mahudhurio? Kwetu waliokosa walikuwa walewale kila siku ya mnada, wanauza na mama zao. Hao baiskeli haiwasaidii. Tuliongea na wazazi kupitia mwenyekiti wa kitongoji, wengi wakarudi.

MjumbeWaBodi: Asanteni sana. Nitaomba daftari kwa mwalimu wa taaluma kabla ya kikao, na hoja ya chakula naipeleka. Binti, kwenye hosteli kama hiyo matroni analipwa na nani?