Naomba ushauri: majina yamegeuzwa kwenye Outlook

Asalaam aleikum jamani. Niko Lamu, napokea bukingi za nyumba ya wageni. Outlook ya ofisini, ile programu ya barua pepe, inapanga anwani za watu kwa jina la mwisho: Fatma Ali Omar anakuwa "Omar, Fatma Ali". Huku nani humtafuta mtu kwa jina la babu yake?

Nimebadilisha mpangilio, lakini unashika kwa anwani mpya tu. Zile za zamani, mamia, ziko vilevile. Nikaandika makro ya VBA (programu ndogo ya kuiamuru Outlook) ipitie folda nzima, FileAs (jina la kupangia) ichukue FullName (jina kamili), kisha Save. Inakwenda vizuri mpaka ikutane na kundi la anwani, hapo inagoma: kosa namba 13 (aina ya data hailingani). Nifanyeje iyaruke makundi? Na Email1DisplayName (jina linaloonekana kwenye barua pepe) niirekebishe humo humo? Nakala ya akiba ninayo.