Ushauri: "wasio na ujuzi" kwenye tangazo la kazi ya ujenzi, niandikeje?

Mkazi_Sakina: Wakuu, naandaa tangazo la kazi ya ujenzi hapa Sakina, Arusha. Nahitaji mafundi 2 wa kujenga na watu 4 wa kubeba tofali na kukoroga udongo (mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji). Hawa 4 nimewaandika "wasio na ujuzi". Jirani anasema nimewatukana, niweke "wanagenzi". Mwingine anasema "mafundi maiko". Lipi sahihi?

Kijenge_Tofali: Andika "saidia fundi", mkuu. Ndilo jina la kazi yenyewe, kila mtu saiti analielewa. "Fundi maiko" lifute kabisa. Huyo ni mtu anayejiita fundi, analipwa hela ya ufundi, halafu ukuta unapinda na plasta inabanduka. Ni shutuma, na hao 4 hawajamkosea mtu.

Mwl_Pasua: Niongeze kutoka Moshi. Mwanagenzi ni anayejifunza kazi chini ya fundi. Ukiliandika, atakayekuja atatarajia kushikishwa mwiko na timazi (kamba yenye uzito ya kupimia wima), si kubeba karai mpaka nyumba iishe. "Limbukeni" nalo usiliguse: linatokana na kulimbuka, yaani kula mazao ya kwanza ya msimu, na siku hizi humsema anayeringia kitu alichokipata juzi.

Mkazi_Sakina: Na fundi asiye na cheti? Nilitaka kumweka kundi hilohilo.

Kijenge_Tofali: Hapo utamwonea. Kukosa cheti si kukosa ujuzi, ndiyo maana VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana urasimishaji ujuzi, yaani kupima na kutambua ujuzi wa waliojifunzia kazini. Mpime kwa mkono wake: ajenge kozi (mistari ya tofali) 3, uweke pimamaji juu, timazi ubavuni, kamba kutoka pembe hadi pembe. Angalia pia kama maungio ya wima yamejaa udongo, maana anayelipua kazi huanzia hapo.

Kipimo cha udongo kisimamiwe na fundi, asiachiwe saidia fundi. Kwa 1:6, yaani saruji sehemu 1 kwa mchanga sehemu 6, mfuko wa saruji wa kilo 50 unakula mchanga ndoo 10 na nusu za lita 20. Udongo ukianza kushika, msiuongezee maji: utalainika, lakini nguvu imeshapotea.

Mwl_Pasua: Basi andika hivi: "Wanahitajika mafundi 2 wa kujenga tofali, na saidia fundi 4 wa kuchekecha mchanga, kukoroga udongo, kupokeza tofali na kumwagilia ukuta. Kwa saidia fundi, uzoefu si lazima." Sentensi ya mwisho inabeba ulichokusudia bila kumbandika mtu jina. Taja na ujira wa siku.