CT imeshapigwa, sasa tunaambiwa MRI: uvimbe wa ubongo, Dodoma

Mama Neema_Nkuhungu: Habari za jioni wapendwa. Kaka yangu ana miaka 41, kichwa kinamuuma tangu Pasaka, alfajiri ndiyo kinazidi na anatapika. Juzi anakunywa uji, mkono wa kushoto ukaanza kumcheza, kikombe kikaanguka. CT, ile picha ya kichwa, imeonyesha kivuli upande wa kulia. Daktari anataka MRI, picha ya aina nyingine. Hiyo CT tuliuza mbuzi watatu. Haikutosha?

Kongwa_Yetu: Pole sana dada. Mama yangu mkubwa alipigwa CT tu, wakasema hamna kitu. Miezi miwili baadaye akawa anayumba akitembea, MRI ikakuta uvimbe kisogoni. Tukaelezwa kuwa mifupa minene ya huko chini huichafua picha ya CT. Msiishie hapo.

FundiPicha: Mama Neema, niko chumba cha picha kila siku. Mbuzi wenu hawakupotea bure. CT ni eksirei inayozunguka kichwa, dakika chache imekwisha, na damu iliyovuja au maji yaliyojaa kichwani huonekana papo hapo. Mgonjwa wa kwanza kupigwa CT, London mwaka 1971, naye alishukiwa uvimbe wa ubongo. Ila uvimbe umeishia wapi na umegusa nini, daktari wa upasuaji anahitaji MRI. Ile ni sumaku, haina mionzi. Atalala bila kutikisika nusu saa au zaidi, mashine inagonga kama mtu anapiga bati, kwa hiyo mwandaeni. Kama ana chuma mwilini au kifaa cha moyo, aseme mapema. Kuna dawa ya mshipani ya kung'arisha uvimbe, figo zikaguliwe kwanza. Na akianza kusinzia ovyo, msingoje foleni ya MRI, mkimbizeni dharura.

MzeeMpwapwa: Na PET, kile kipimo kingine cha picha? Nasikia kwa saratani ndiyo kiboko.

FundiPicha: Shikamoo mzee. Kwa ubongo hapana. PET ya kawaida hufuata sukari, na ubongo wenyewe unakula sukari nyingi, kwa hiyo wote unawaka. Inafaa zaidi baada ya matibabu, kutenganisha uvimbe uliorudi na kovu la mionzi.

MzeeMpwapwa: Marahaba. Nimekuelewa.

Mama Neema_Nkuhungu: Kwa hiyo MRI itasema kama ni saratani?

FundiPicha: Itakaribia tu. Kuna vinundu vya TB ya ubongo vinavyofanana mno na saratani. Jibu kamili linatoka maabara, kwenye kinyama kinachokatwa kutoka kwenye uvimbe. Mwende na CD ya CT, siyo karatasi ya majibu peke yake.

Mama Neema_Nkuhungu: CD hatukupewa. Kesho asubuhi naifuata.