Naombeni ushauri: profoma mbili za AC, maneno mengi yananipita kando

Mla Mbaazi (mwenye uzi)

Wakuu, heshima zenu. Nataka kufunga AC chumba cha kulala, niko Kimara, Dar. Chumba ni mita 4 kwa 4.5, dari la jipsamu, juu bati, dirisha moja kubwa la aluminiamu linatazama magharibi. Tunalala watu wazima wawili na mtoto. Luku yetu ni ile ya uniti 28 kwa elfu kumi.

Nimeletewa profoma mbili:

Ya kwanza: spliti 18,000 BTU, si inveta, gesi R410A, EER 10.2.
Ya pili: spliti 1.5 HP, inveta, gesi R32, EER 3.3, baridi tu, bomba la shaba mita 4, vakyumu, gadi.

Ya pili imezidi bei kidogo. Muuzaji wa ile ya kwanza ananiambia yake ndiyo mashine, kwa sababu BTU ni nyingi na EER ni 10 dhidi ya 3. Nifafanulieni haya maneno kiswahili cha mtaani, nijue nachukua ipi na nimsimamie fundi kwenye nini.

Shaba Nusu Inchi

Mkuu, tuanze na EER maana hapo ndipo unapopigwa.

EER ni baridi unayopata ukigawanya kwa umeme unaokula. Tatizo kuna vipimo viwili. Wengine wanaandika BTU kwa kila wati moja, wengine wati za baridi kwa kila wati ya umeme. 10.2 ni ya aina ya kwanza, 3.3 ni ya aina ya pili. Kuzilinganisha zidisha hiyo 3.3 kwa 3.412, unapata 11.26. Kumbe ile "3" ndiyo inayokula kidogo. Ukiona namba iko kati ya 2.5 na 5, ni wati kwa wati. Ikianzia 8 kupanda, ni BTU kwa wati. COP ni hesabu hiyohiyo ya wati kwa wati, ila mara nyingi hutumika upande wa joto. SEER ni wastani wa msimu mzima, huwa kubwa kuliko EER ya mashine hiyohiyo, kwa hiyo usilinganishe SEER ya huyu na EER ya yule.

BTU (kwa saa) ni kiasi cha joto mashine inachoweza kutoa chumbani. 12,000 BTU ni sawa na kilowati 3.5 za baridi, na ndiyo inayoitwa tani moja. Tani hiyo haina uhusiano na uzito wa mashine. Imetoka zama za kupoza kwa mabarafu: joto la kuyeyusha tani moja ya barafu (pauni 2,000) ndani ya saa 24. HP ni lugha ya dukani tu: 1 HP ni kama 9,000 BTU, 1.5 ni 12,000, 2 ni 18,000. Usinunue kwa HP, soma BTU kwenye kibao cha mashine.

Chumba chako: 4 × 4.5 ni mita za mraba 18. Kwa joto la Dar anza na BTU 600 kwa kila mita ya mraba, unapata 10,800. Hapo watu wawili wameshahesabiwa. Dirisha la magharibi ongeza asilimia 10, umefika 11,880. Mtoto ongeza kama 250. Jumla 12,100 na ushee. Mashine ya 12,000 inakutosha, weka pazia zito tu. Ingekuwa sebule inayowashwa saa nane mchana chini ya bati, ningekwambia nenda 18,000, lakini usiku bati hupoa upesi.

Bati la Msauzi

Mimi naona chukua 18,000. Mashine kubwa haichoki, inapoza fasta inapumzika.

Kusi

Ndugu yangu Bati, kwa huku pwani huo ushauri utamponza. Niko Mombasa, hali ya hewa ni ileile ya Dar.

AC ina kazi mbili: kushusha joto na kukausha hewa. Unyevu hutoka pale tu hewa inapopita kwenye koili ya ndani ikiwa baridi kwa muda wa kutosha, maji yakajikusanya yakashuka kwenye mpira wa nje. Mashine iliyozidi chumba, tena isiyo inveta, hufikia nyuzi joto ulizoweka baada ya dakika chache, kompresa (pampu inayosukuma gesi) inakata. Maji yaliyobaki kwenye koili yanapulizwa kurudi chumbani. Matokeo yake chumba ni baridi lakini kimelowa: shuka zina kinyevu, nguo kabatini zinashika kuvu. Na kule kuwaka na kuzima mara kwa mara ndiko kunakochosha kompresa, si kule kuzunguka.

Mla Mbaazi

Kusi, asante, hilo la kuvu sikulijua. Sasa inveta ni nini hasa? Nilidhani ni ile ya sola, kwamba umeme ukikatika inaendelea.

Shaba Nusu Inchi

Wengi wanadhani hivyo. Haina betri. Umeme ukikatika inazima kama nyingine.

AC ya kawaida kompresa yake ina mwendo mmoja: inazunguka kwa nguvu zote au inazima. Inveta ni bodi inayobadilisha mwendo wa kompresa. Chumba kikikaribia nyuzi ulizoweka, inapunguza mwendo badala ya kuzima. Faida ya pili, haianzi kwa kishindo. Kompresa ya kawaida ya 12,000 hutumia kama ampia 5 ikizunguka, lakini inapowaka huvuta mara tano au sita ya hapo kwa muda mfupi, ndipo taa za nyumba zinapokonyeza.

Umeme kwa saa nane za usiku, makadirio: ile 18,000 inakula wati 1,765 kompresa ikizunguka. Ikizunguka nusu ya muda ni uniti 7, kwa Luku yako kama Sh 2,500. Ile ya inveta nusu saa ya kwanza itakula kama wati 1,070, baada ya hapo itatulia kwenye 300 hadi 500. Jumla uniti 3.5 hivi, Sh 1,250. Kwa mwezi tofauti ni kama 37,500. Ule ughali wa profoma unarudi wenyewe.

Ubaya wa inveta ni bodi. Umeme ukichezacheza bodi inaungua, na bei yake inauma. Kwa hiyo hiyo gadi isitolewe kwenye profoma ili upunguziwe bei.

Mvua za Vuli

Niongezee hapo kwa gadi, maana watu huichanganya na stabilaiza. Gadi inakata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi, mfano chini ya volti 185 na juu ya 260, kisha inasubiri dakika 3 hadi 5 ndipo inarudisha. Stabilaiza inarekebisha volti. Kama mtaa wenu jioni umeme unashuka mpaka 170 kila siku, gadi itakuwa inakata tu mnalala na joto, hapo unahitaji stabilaiza.

Zile dakika za kusubiri zina maana. AC ikizima, upande mmoja wa kompresa unabaki na presha kubwa na mwingine ndogo. Ukiwasha hapohapo, kompresa isiyo inveta inashindwa kuzunguka, inanguruma tu, inavuta ampia nyingi mpaka ikatike au iungue. Ukisikia ngurumo ya sekunde kadhaa kisha kimya, na umesubiri vya kutosha, mshuku wa kwanza ni kapasita. Ni kidude cha bei ndogo kinachosaidia mota kuanza. Fundi asikimbilie kukwambia kompresa imekufa kabla hajaipima.

Waya: laini yake peke yake kutoka DB (boksi la breka), milimita za mraba 2.5, breka ya ampia 16 au 20. Isichomekwe kwenye soketi moja na pasi.

Mla Mbaazi

Nimewaelewa. Bado gesi. Fundi mmoja anasema R410A "ni kali zaidi", na kwamba gesi huisha, inabidi kujaza kila mwaka. Halafu vakyumu anasema si lazima kwa bomba fupi.

Shaba Nusu Inchi

Hapo umekutana na fundi maiko.

Gesi haiishi. Si petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa: inachukua joto ndani, inalitupa nje, inarudi. Ikipungua inavuja, na mara nyingi inavujia kwenye maungio ya nati ambako ncha ya bomba imetanuliwa vibaya au haikusafishwa baada ya kukatwa. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ya kuiachia angani. Mwambie apake povu la sabuni kwenye nati zote nne, mbili za ndani na mbili za nje.

Aina za gesi hazipimwi kwa ukali. R22 ni ya zamani, inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zetu zinaiondoa ifikapo 2030. Ukiuziwa AC mpya ya R22 leo, ikatae. R410A haigusi ozoni lakini inapasha dunia sana: kilo moja ni sawa na kilo zaidi ya 2,000 za hewa ukaa. R32 ni kama 675. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, R32 yenyewe ikiwa mojawapo, hivyo hujazwa ikiwa kimiminika ili mchanganyiko usivurugike. R32 ni gesi moja, ila inaweza kushika moto ingawa kwa shida. Asichomelee bomba lenye gesi ndani, wala asivute sigara akifungua nati. Na kila mashine inajazwa gesi iliyoandikwa kwenye kibao chake, hakuna "zinafanana".

Sasa vakyumu, yaani kunyonya hewa yote ndani ya bomba kwa pampu, na hili ndilo la kumsimamia kuliko yote. Bomba jipya lina hewa na unyevu ndani. Hewa haigeuki kimiminika, inakaa inapandisha presha. Unyevu unakutana na mafuta ya kompresa, inatengenezwa asidi, asidi inakula varnishi ya nyaya za mota. Mashine inakufa mwaka wa pili au wa tatu na hakuna anayekumbuka siku ya kufunga. Njia ya mkato ni kufungua valvu kidogo gesi isukume hewa nje. Hewa kiasi inatoka, unyevu unabaki, na gesi yako umepungukiwa.

Inavyotakiwa: pampu ya vakyumu iunganishwe kupitia geji (kipimo cha presha), izunguke dakika 20 hadi 30 kwa bomba la mita 4. Mshale ufike -30 (inchi za zebaki). Funga geji, zima pampu, subiri dakika 10. Mshale ukirudi nyuma kuna tundu, au bado kuna unyevu. Ukitulia, ndipo afungue valvu za mashine ya nje, nyembamba kisha nene. Simama hapo na saa yako.

Urefu wa bomba: mashine huja na gesi ya kutosha bomba la mita 5 hivi, nyingine 7.5. Mita 4 huongezi chochote. Zikizidi, huongezwa gramu kwa kila mita kama kibao kinavyosema, kwa mzani. Kwenye inveta geji hudanganya, kwa sababu presha inapanda na kushuka na mwendo wa kompresa.

Tanuri la Njombe

Mimi swali langu liko upande wa pili. Huku Julai tunatetemeka. "Baridi tu" maana yake nini? Rimoti nyingi naona zina alama ya jua.

Mvua za Vuli

Usiiamini rimoti, kiwanda kimoja hutoa rimoti moja kwa mashine zote. "Baridi tu" haina valvu ya njia nne. Valvu hiyo ndiyo inayogeuza mzunguko, mashine ikachota joto nje ikalileta ndani. Angalia kibao: yenye joto itakuwa na mistari miwili ya uwezo, wa baridi na wa joto.

Kwa Njombe inalipa. Hita ya koili ya wati 2,000 ukiiwasha saa nne ni uniti 8, na inakupa joto la uniti 8 tu. AC yenye COP ya 3 inakupa joto lilelile kwa uniti 2.7. Usiku nje kukikaribia nyuzi 0 koili ya nje inashika barafu, mashine inaacha kupuliza joto dakika chache iyeyushe. Si ugonjwa huo. Na jiko la mkaa lisilale na watu chumbani, hata likiwa limeshika majivu. Gesi yake ya sumu haina harufu.

Kusi

Mla Mbaazi, umesahau kuuliza vitufe, na huko ndiko uniti zinakopotelea. Alama ya theluji ni kupoza. Tone la maji ni kukausha, nzuri siku za mvua za masika ambapo joto si kali ila mwili unanata. Feni haipozi kitu. Kuweka 16 hakuharakishi: AC ya kawaida inapoza kwa kasi ileile, utakachopata ni kompresa isiyokata hadi asubuhi. Weka 25, washa na feni ya dari mwendo mdogo.

Chujio la ndani lioshwe kwa maji kila wiki mbili, na lirudi likiwa kavu. Likiziba, koili inashika barafu na maji yanadondokea kitandani. Ukiona barafu, zima kupoza, acha feni saa moja, osha chujio, jaribu tena. Ikirudi na chujio ni safi, hapo sasa shuku gesi imepungua.

Mla Mbaazi

Nimechukua ya pili. Fundi akimaliza, nitajuaje imefungwa vizuri kabla sijamlipa?

Shaba Nusu Inchi

Iwashe dakika 15 kwenye nyuzi 18, feni juu. Pima kwa kipimajoto hewa inayoingia juu ya mashine na inayotoka mdomoni. Tofauti iwe kati ya nyuzi 8 na 12. Mimina nusu lita ya maji kwenye trei ya ndani taratibu, yote yatoke nje kwenye mpira. Yakibaki, mteremko haupo. Mabomba yote mawili yawe yamevalishwa sponji, kila moja lake. Kisha mwambie afunge vile vifuniko vya shaba vya valvu kwa spana, si kwa vidole. Navyo huvuja.