Hasira zinazoletwa na tezi ya shingo: nifanyeje nyumbani?

Mshona Kofia, Langoni, Lamu
Assalamu alaykum. Mwezi uliopita niliambiwa hospitalini kwamba tezi yangu ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, nikaandikiwa kabimazoli na propranololi. Nimekonda, moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa, na mikono inatetemeka kiasi kwamba kutunga uzi katika sindano kumekuwa kazi ya robo saa. Hayo nayastahimili. Lisilostahimilika ni hasira. Juzi binti yangu aliniuliza mara mbili kama wali utelekwe, nami nikamtupia kofia ya vito niliyokuwa nikiishona kwa majuma mawili, sindano ikiwa bado inaning'inia. Mama mkwe ananishauri nisome Yasin na nipunguze ulimi. Nasoma, lakini ulimi haupungui. Je, haya ni maradhi, au tabia yangu imeharibika?

Muuguzi Mstaafu, Malindi
Wa alaykumu salaam, dada yangu. Ni maradhi. Tezi hiyo hutoa homoni zinazoamua kasi ya mwili mzima, na zikizidi, moyo, matumbo na mishipa ya fahamu vyote hukimbia, ndiyo maana hasira hukufikia kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Kabimazoli huzuia homoni mpya zisitengenezwe, lakini zile zilizokwisha kutengenezwa bado zimo mwilini, kwa hiyo nafuu huchukua majuma kadhaa, pengine miezi miwili. Usiiache kwa kuona haifanyi kazi. Propranololi hutuliza moyo na mitetemo mapema zaidi, ila haimfai mwenye pumu.

Jambo moja ulishike sana: ukipata homa, vidonda vya mdomoni au koo kuuma ukiwa unatumia kabimazoli, usimeze dozi nyingine, bali nenda siku hiyo hiyo ukapimwe damu, kwa sababu dawa hiyo, ingawa ni kwa nadra, huweza kuangusha chembe nyeupe za damu. Vipimo vya tezi navyo usivikose, kwani dozi ikizidi mahitaji utageukia upande wa pili: uzito, baridi, huzuni na usingizi usiokwisha.

Nahodha, Shela
Bi, mke wangu alipita njia hiyo, na nakubaliana na muuguzi isipokuwa kwa jambo moja dogo. Maradhi ndiyo yaliyoleta hasira, lakini neno lililomchoma mtoto lilitoka kinywani mwa mama yake, na mtoto hajui homoni ni kitu gani. Sisi tuliwakalisha watoto tukawaeleza, kisha tukakubaliana neno: mama akihisi kifua kinapanda, aseme “natua tanga”, na hapo kila mtu anyamaze, naye apande darini mpaka apoe. Mara za kwanza alilisema akiwa amekwisha kupiga kelele. Baadaye akawa analisema mapema, na siku nyingine watoto walimtangulia kulisema, jambo ambalo, nakiri, halikumfurahisha. Kahawa tungu pia aliiacha, maana ilimzidishia mitetemo na kumnyima usingizi, na usiku usio na usingizi ulikuwa na malipo yake asubuhi.

Mshona Kofia, Langoni, Lamu
Ahsanteni nyote. Jana nilimwomba binti yangu radhi nikamweleza habari ya tezi, akanisikiliza kimya, halafu akaichukua sindano akanitungia uzi bila ya kuambiwa. Neno la tanga tumelichukua. Ila, ndugu muuguzi, umenishtua kwa pumu: nilikuwa nayo utotoni, na kwa kuwa ni miaka mingi haijanishika, sikumtajia daktari. Nimekwisha kupiga simu, nimeambiwa nisimeze propranololi ya usiku huu na niende kesho asubuhi na dawa zangu zote.

Muuguzi Mstaafu, Malindi
Umefanya vyema. Kabimazoli endelea nayo kama kawaida, mpaka daktari akuambie vingine.